Sumaku isiyovuta msumari, na kobalti ya Kilembe isiyohusika

Habari ya "aina ya tatu ya sumaku", inayoitwa altamagneti, imerudi kwenye vikundi vya WhatsApp vya walimu wa sayansi hapa Kampala, safari hii ikiwa imeongezewa chumvi ya nyumbani. Mwanzoni ilikuwa habari ya Ulaya tu: wanasayansi wamegundua sumaku mpya, simu hazitapata joto tena, kompyuta zitakuwa na kasi mara elfu. Sasa, kwa sababu baadhi ya fuwele zinazochunguzwa zina kobalti iliyopenyezwa kati ya matabaka yenye metali ya niobi, kuna aliyekumbuka kwamba Kasese kuna kobalti na Tororo kuna niobi, na hoja ikajijenga yenyewe: dunia inakuja kwetu, tushikilie madini, tusubiri bei ipande. Nadhani tumeisoma habari hii kinyumenyume. Kilichopatikana tangu mwaka 2024 si sumaku ya kuuzwa dukani wala madini mapya. Ni ushahidi, uliosomwa ndani ya elektroni zenyewe, kwamba mpangilio wa sumaku uliotabiriwa kwa kalamu na karatasi upo kweli katika vitu fulani. Na kama habari yenyewe ni ushahidi, basi swali la Uganda haliwi tena tuna tani ngapi ardhini. Linakuwa: ni nani hapa anayeweza kuotesha fuwele safi, kuikokotoa kwa kompyuta, na kuifikisha mahali inapopimwa.

Mwanafunzi mmoja wa S.6 aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, kama haivuti msumari, mnajuaje kwamba ni sumaku?" Historia nzima ya jambo hili imo ndani ya swali hilo. Kila elektroni ina spini, na kwa hiyo ni sumaku ndogo mno yenye mwelekeo wake. Katika chuma, nikeli, na kobalti ikiwa peke yake, spini za atomi jirani huelekea upande mmoja, nguvu zao hujumlishwa, na msumari unavutwa. Hizo ndizo feromagneti, na binadamu amezijua tangu zama za kale. Katika miaka ya 1930 Mfaransa Louis Néel alieleza mpangilio mwingine: atomi moja inaelekea juu, jirani yake chini, hivyo hivyo mpaka mwisho wa fuwele, na jumla yake inakuwa sifuri. Hiyo ni antiferomagneti, na ukiishika mkononi huna namna ya kuitofautisha na kokoto. Ilibidi kusubiri mpaka 1949, Clifford Shull na Samuel Smart walipozielekeza nyutroni kwenye oksidi ya manganisi iliyopozwa, huko Oak Ridge, Marekani. Nyutroni zenyewe zina usumaku, kwa hiyo ziliporuka kutoka kwenye fuwele zilionyesha alama za ziada ambazo eksirei haikuwa imezionyesha. Néel alipewa Nobel mwaka 1970, Shull akapewa yake 1994. Katika hotuba yake ya Nobel, Néel alisema kwamba vitu hivi vinavutia sana kinadharia lakini havionekani kuwa na matumizi yoyote. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 tabaka la antiferomagneti lilikuwa ndani ya vichwa vya kusomea diski za kompyuta, likishikilia mwelekeo wa tabaka jirani, katika teknolojia iliyotokana na ugunduzi wa Albert Fert na Peter Grünberg wa mwaka 1988. Ona mfuatano: nadharia kwanza, kisha chombo cha kuona, kisha matumizi ambayo hata mwenye nadharia hakuyatarajia. Kati ya hatua moja na nyingine ilipita miaka mingi.

Tulipo sasa ni kwenye hatua ya pili ya mfuatano huo, na wengi wanaishi kana kwamba tumefika ya tatu. Mwaka 2022 Libor Šmejkal, Jairo Sinova na Tomáš Jungwirth, waliokuwa wakifanya kazi Mainz na Praha, walichapisha makala zilizoipa jina na mpangilio wa kinadharia aina hii mpya: altamagneti. Wazo lao linategemea ulinganifu wa fuwele. Katika antiferomagneti ya kawaida, ukitaka kuifanya atomi ya juu ichukue nafasi ya atomi ya chini, unaisogeza fuwele hatua moja tu, au unaigeuza kinyume kupitia kitovu chake, na kila kitu kinaangukia mahali pake. Elektroni inayopita humo haina sababu ya kupendelea spini moja kuliko nyingine, kwa hiyo nishati za spini zote mbili zinalingana kila upande. Katika altamagneti, atomi za juu na za chini zimezungukwa na atomi nyingine zilizokaa kwa pembe tofauti. Kusogeza hakutoshi; lazima uzungushe, mathalani kwa nyuzi 90 au 60. Jumla ya usumaku inabaki sifuri, lakini elektroni inayokwenda upande mmoja hukuta spini ya juu ina nishati ndogo zaidi, na inayokwenda upande mwingine hukuta spini ya chini ndiyo nafuu. Chukua daftari la SACCO ambalo mwisho wa mwaka linasoma sifuri kwa sababu waliyoweka na waliyotoa yamelingana. Anayetazama mstari wa mwisho pekee atasema hakuna biashara iliyofanyika. Anayefungua kurasa ataona nani alitoa, nani aliweka, na lini. Msumari husoma mstari wa mwisho. Elektroni husoma kurasa.

Pengo hilo la nishati kati ya spini mbili ndilo alama inayotafutwa, na nadharia inasema linaweza kufikia mamia ya milielektronvolti, kipimo kidogo cha nishati kinachotumika kwa elektroni. Ni kubwa. Njia nyingine iliyozoeleka ya kutenganisha spini bila sumaku inategemea atomi nzito, na aghalabu hutoa pengo dogo zaidi; hapa atomi nyepesi zinatosha, kwa sababu kazi inafanywa na mpangilio. Kuliona pengo hilo kunahitaji kuzitoa elektroni nje ya fuwele. Unamulika fuwele kwa mwanga wenye nishati unayoijua, elektroni zinachomoka, unapima kasi yake na pembe iliyotokea, kisha unarudi nyuma kwa hesabu mpaka unajua ilikuwa na nishati gani na ilikuwa ikielekea wapi ilipokuwa ndani. Msingi wake ni ile kanuni ya Einstein ya mwaka 1905, na ufundi wa kuchunguza elektroni kwa njia ya namna hii ulimpa Kai Siegbahn Nobel mwaka 1981. Ukiongeza kipimo cha spini, unapata ramani kamili: upande huu spini ya juu, upande ule spini ya chini. Februari 2024 kundi lililoongozwa kutoka Taasisi ya Paul Scherrer, Uswisi, lilichapisha katika jarida la Nature vipimo vya teluridi ya manganisi, ambayo atomi zake za manganisi zimepangwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likielekea kinyume na lililo juu yake. Nishati zilikuwa zimeachana kama nadharia ilivyosema. Mpangilio wa kitu hicho unavunjika kwenye kelvini 307 hivi, yaani takriban nyuzi 34 za selsiasi. Ofisini Kampala kingefanya kazi, lakini mchana wa kiangazi kule Karamoja kingekuwa matatani.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kuwa na subira, kwa sababu ugumu wa ushahidi huu ndio kiini cha hoja yangu. Elektroni zinazochomoka hutoka kwenye matabaka machache tu ya juu kabisa, kwa hiyo unachopima kinaweza kuwa tabia ya uso wa fuwele na si ya ndani yake. Uso ukichafuka, hata kwa gesi kidogo iliyobaki kwenye chumba cha ombwe, ramani inachafuka nayo. Ndiyo maana fuwele hupasuliwa humo humo ndani ya ombwe, dakika chache kabla ya kupimwa. Kuna shida nyingine kubwa zaidi. Fuwele moja huwa imegawanyika katika maeneo madogo, na eneo hili likiwa na mpangilio wa "juu-chini" jirani yake huwa na "chini-juu". Mwale wa mwanga ukifunika maeneo mengi kwa pamoja, alama zao hufutana na unabaki huna kitu, hata kama kitu unachokitafuta kipo. Desemba 2024 kundi la Chuo Kikuu cha Nottingham lilionyesha picha za maeneo hayo katika teluridi ya manganisi, zilizopigwa kwa eksirei ya sinkrotroni (mashine kubwa inayozungusha elektroni ili zitoe mwanga mkali) ya MAX IV nchini Uswidi, pamoja na namna ya kuyadhibiti. Kwa maoni yangu kazi hiyo, ambayo haikupata kelele nyingi kama ile ya Februari, ndiyo iliyoimarisha zaidi imani kwamba tunachokiona kipo.

Sasa tuje kwenye fuwele za matabaka, ambazo ndizo zilizozua mjadala wa Kasese. Niobi ikiungana na salfa au seleni hutoa kitu chenye matabaka membamba yaliyoshikana kwa nguvu dhaifu, na kati ya tabaka na tabaka kuna nafasi ya kupenyeza atomi za metali nyingine. Penyeza kobalti, atomi moja kwa kila niobi tatu, kwenye ile ya salfa, na atomi hizo zitajipanga kwa pembetatu. Mwaka 2018 Nirmal Ghimire na wenzake waliripoti kwamba fuwele hiyo, ikipozwa chini ya kelvini 30, huupinda mkondo wa umeme pembeni kwa nguvu inayotarajiwa kwenye feromagneti, ilhali jumla ya usumaku wake ni karibu sifuri. Kupinda huko kunaitwa athari ya Hall, kwa jina la Edwin Hall aliyeuona mwaka 1879. Maelezo yalichukua miaka mingine mitano. Mwaka 2023 vipimo vya nyutroni kwenye fuwele hiyo na dada yake yenye tantali vilionyesha kwamba spini zake hazikai juu na chini tu, bali zinaelekea pande nne tofauti angani, na elektroni inayopita kati yake inapinda kana kwamba kuna uga wa sumaku. Badilisha mambo mawili: weka seleni mahali pa salfa, na kobalti moja kwa kila niobi nne badala ya tatu. Sasa spini zinakaa juu na chini, tabaka kwa tabaka, mpangilio unadumu mpaka kelvini 168 hivi, na fuwele inaingia kwenye orodha ya altamagneti; makundi kadhaa yaliyopima elektroni zake yameripoti nishati za spini kuachana kwa namna inayokubaliana na nadharia. Mwaka 2025 yakaja matokeo mengine kuhusu oksidi za vanadi zenye matabaka, zilizopenyezwa rubidi au potasi, ambazo alama yake ya kielektroni iliripotiwa hata kwenye joto la kawaida la chumba. Hizo hazina kobalti hata chembe.

Nimelitaja jozi la kobalti kwa urefu kwa sababu ndani yake mna jibu la wale wanaongoja bei. Madini ni yale yale, kobalti na niobi, lakini theluthi moja pamoja na salfa inatoa mpangilio mmoja, na robo moja pamoja na seleni inatoa mwingine kabisa. Thamani iko kwenye mpangilio. Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa S.3 anaiweza. Fuwele yenye kobalti moja, niobi nne na seleni nane ina kobalti kama asilimia 5.5 tu ya uzito wake. Fuwele ya maabara yenye miligramu kumi, ambayo inatosha vipimo vingi, ina kobalti nusu miligramu na ushee. Kilo moja ya kobalti ingetosha fuwele zaidi ya milioni moja na laki saba. Hakuna mgodi duniani utakaofufuliwa na mahitaji ya namna hiyo. Kilembe ilichimbwa shaba kuanzia miaka ya 1950 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ikaacha rundo la mabaki yenye kobalti. Kuanzia 1999 kiwanda cha Kasese kilitumia bakteria kuyayeyusha mabaki hayo na kutoa kobalti ya metali, mpaka rundo lilipokwisha. Ni historia ya kujivunia, na kusema kweli ule ufundi wa bakteria ulikuwa sayansi ya hali ya juu kuliko tunavyopenda kukumbuka. Lakini kobalti hiyo iliuzwa kwa sababu ya betri na aloi. Niobi ya milima ya Sukulu, nayo, imo ndani ya miamba ya fosfeti na ikitoka itakwenda kwenye chuma cha pua na mabomba. Anayetaka kutetea katazo la kusafirisha madini ghafi ana hoja nyingi nzuri za kutumia. Hii ya sumaku ya aina ya tatu siyo mojawapo.

Kuna hoja yenye uzito zaidi kutoka upande wa wenye shaka, na haifai kupuuzwa. Wanasema: hakuna aina ya tatu, kuna antiferomagneti zilizopewa jina jipya ili makala zichapishwe. Wana ushahidi wao. Tangu miaka ya 1950 wanafizikia wa Kisovieti, Igor Dzyaloshinskii akiwa mmojawapo, walijua kwamba baadhi ya antiferomagneti zina ulinganifu unaoruhusu tabia za ajabu, kwa mfano kupata usumaku kidogo zikibanwa, na majaribio kwenye floridi za manganisi na kobalti yaliwathibitisha. Kabla ya 2022 pia, makundi ya Japani, Marekani na Ulaya yalikuwa yameshaandika kuhusu nishati za spini kuachana bila atomi nzito. Jina lilikuja kuunganisha vipande vilivyokuwa vimetapakaa. Mimi naikubali historia hiyo yote, ila sikubali hitimisho lake. Uainishaji mzuri una kazi: unakuambia wapi pa kutafuta. Kwa kutumia kanuni za ulinganifu pekee, wanadharia wameweza kupitia orodha za fuwele zinazojulikana na kutaja zaidi ya 200 zinazofaa kupimwa, nyingine zikiwa zimekaa kwenye vitabu kwa miongo mingi bila mtu kuuliza elektroni zake zinafanya nini. Teluridi ya manganisi yenyewe si kitu kipya.

Shaka iliyo na nguvu kuliko hiyo ni ya oksidi ya rutheni, na hapo waliokuwa na haraka waliumia. Mwaka 2017 vipimo vya nyutroni viliripoti kwamba oksidi hiyo, iliyokuwa ikijulikana kama metali isiyo na usumaku wa maana, ni antiferomagneti yenye usumaku mdogo katika kila atomi. Nadharia ikaichukua, ikawa mfano mkuu wa altamagneti. Makala zikafuata kuhusu athari ya Hall ndani yake, mikondo ya spini, na mapema mwaka 2024 alama katika elektroni. Mwaka huo huo makundi mawili yakatumia muoni. Muoni ni chembe inayoingizwa ndani ya fuwele, inatulia kati ya atomi, inahisi uga wa sumaku wa mahali hapo hapo, na inapovunjika baada ya takriban sehemu mbili za milioni za sekunde inaacha habari ya ilichokihisi. Haikuhisi kitu. Kama usumaku upo kwenye fuwele nzima, basi ni mamia ya mara mdogo kuliko uliotangazwa, na zile alama za nyutroni za mwanzo zingeweza kutokea kwa nyutroni kugonga mara mbili ndani ya fuwele. Kundi jingine likapima elektroni zake na halikuliona pengo lililotabiriwa. Kwa filamu nyembamba bado wapo wanaobishana, kwa sababu filamu inayovutwa na kitu ilichooteshwa juu yake si sawa na fuwele nzima, lakini jiwe la msingi limeondolewa.

Kwenye vikundi vyetu habari hiyo ya rutheni ilipokelewa, pale ilipofika, kama uthibitisho kwamba "wazungu wanatudanganya". Huo ndio usomaji dhaifu kuliko wote. Madai yalitolewa hadharani pamoja na namba zake; chombo kingine chenye macho tofauti kikaelekezwa kwenye kitu kile kile; madai yakashindwa, na walioyaangusha ni wenzao wa fani hiyo hiyo, si maadui. Nyutroni huona mpangilio wa fuwele nzima, elektroni zinazochomolewa huona matabaka ya juu, muoni huona nukta moja ndani, na athari ya Hall hukupa jumla ya kinachotokea kwenye mkondo. Kila kimoja kina upofu wake. Teluridi ya manganisi imesimama kwa sababu vyombo kadhaa vimekubaliana. Oksidi ya rutheni imeyumba kwa sababu havikukubaliana. Mhariri anayetaka kujua kama aichapishe habari inayofuata ana kigezo rahisi hapo: ni vyombo vingapi tofauti vimetazama, na je, fuwele ilitoka kwenye tanuri moja au kwa watengenezaji wasiojuana? Kigezo hicho kingetuokoa na vichwa vingi vya habari.

Inabaki hoja ya mlipa kodi, na ni ya kweli: nchi ambayo shule nyingi za sekondari hazina hata maabara ya maana itatafuta nini kwenye elektroni za fuwele zenye ubaridi wa kelvini 168? Angekuwa anaulizia sinkrotroni ya Entebbe ningekuwa upande wake. Mashine hizo ni ghali kuzijenga na ghali zaidi kuziendesha. Ile ya SESAME iliyofunguliwa Jordan mwaka 2017 ilihitaji nchi kadhaa kuungana, zikiwemo zisizosalimiana, na ilianzia kwenye vipuri vya mashine ya Berlin iliyostaafishwa. Mradi wa sinkrotroni ya Afrika unazungumzwa na unastahili kuungwa mkono na bara zima, lakini si mzigo wa Uganda peke yake. Ghana, kwa mfano, ndiyo iliyopeleka Umoja wa Mataifa azimio lililoufanya 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi ya kwanta. Ilifanya hivyo bila sinkrotroni. Ninachokiulizia mimi ni sehemu mbili za kazi hii ambazo mashine kubwa haizifanyi. Ya kwanza ni hesabu. Programu ya Quantum ESPRESSO, iliyokulia Trieste, Italia, ni ya bure, na inaweza kukokotoa nishati za elektroni za fuwele ya namna hii kwenye kompyuta ambazo chuo chochote kikubwa hapa kinaweza kununua. Waalimu wa kuifundisha wamekuwa wakija karibu nasi kwa zaidi ya muongo: shule ya Kiafrika ya mbinu hizo ilifanyika Eldoret mwaka 2012 na Addis Ababa mwaka 2018, na Kigali kuna taasisi ya utafiti wa misingi ya sayansi iliyoshirikishwa na kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste tangu 2018. Basi la kutoka Kampala linafika Kigali kabla ya siku kwisha.

Ya pili ni fuwele yenyewe, na hapa kuna nafasi kuliko watu wanavyodhani. Fuwele za matabaka nyingi za aina hii huoteshwa kwa kufungia unga wa metali na salfa au seleni ndani ya bomba la kwatzi lililoondolewa hewa, pamoja na chembe za ayodini, kisha bomba likawekwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi mia tisa hivi upande mmoja na pungufu kidogo upande wa pili. Ayodini hubeba atomi kutoka upande mmoja hadi mwingine, na baada ya siku nyingi, pengine wiki, vipande vyembamba vinavyong'aa vinakuwa vimeota. Vinavyohitajika ni pampu ya ombwe, mtu anayejua kufunga kwatzi kwa moto, tanuri lenye kidhibiti kizuri, chumba chenye kutoa hewa vizuri kwa sababu seleni ni sumu, na umeme usiokatika katikati ya kazi, kwani joto likiporomoka mara moja kila kitu kinaharibika. Hilo la mwisho najua litawachekesha watu. Betri za akiba zinatosha kulitatua, na zipo Kampala. Wanaopima kwenye sinkrotroni duniani kote hutegemea watu wachache wanaojua kuotesha, na fuwele nzuri husafiri: mwenye fuwele huandikwa kwenye makala, huulizwa maoni, hualikwa kwenye kipimo kinachofuata. Funzo la robo na theluthi lilitoka kwa waoteshaji kabla halijafika kwa wenye mwale.

Tena kuna bahati ndogo ya kijiografia. Kelvini 168 ni juu ya kelvini 77, ambayo ndiyo kiwango cha naitrojeni ya kimiminika, kwa hiyo heli, ambayo ni ghali na ngumu kuipata hapa, haihitajiki kwa hatua ya kwanza. Naitrojeni hiyo wafugaji wa Ankole wanaijua vizuri, maana ndiyo inayohifadhi mbegu za ng'ombe wanazopandishia, na kituo cha taifa cha vinasaba vya mifugo kilichoko Entebbe huizalisha. Chuo cha sayansi na teknolojia kiko Mbarara, katikati ya wafugaji hao hao. Ukiipoza fuwele ya kobalti, niobi na seleni humo huku ukipima ukinzani wake wa umeme kwa nyaya nne, katika metali za aina hii mstari kwa kawaida huvunja kona pale mpangilio wa sumaku unapoanza, na mahali pa kona hiyo panakuambia kama kobalti yako imekaa sawasawa au imetawanyika ovyo. Ni kipimo cha shahada ya uzamili. Sinkrotroni nyingi za umma hazitozi ada kwa utafiti ambao matokeo yake yatachapishwa. Kamati hupima maombi kwa ubora wa swali na wa fuwele, na fomu huuliza mapema kabisa fuwele imeshapimwa kwa njia gani. Mwombaji mwenye mchoro wa ukinzani wenye kona mahali panapotarajiwa, na hesabu ya nishati za elektroni kando yake, ana ombi linalosomeka. Kinachobaki ni nauli ya kwenda Uswisi au Uswidi na viza ya kuingia huko, na hizo ndizo fedha ambazo ningependa kuona wabunge wetu wakizibishania kwenye bajeti ya sayansi.